Kulabu Mbili za Bizimu

At Yenni, 20 Machi 1952

Ndugu yangu Belaid,

Salamu zikukute mzima. Kabla hujafika mstari wa pili mwite mwanangu Mezian umpe zake, maana nakujua wewe: barua huisoma umelala, usingizi ukikuchukua unaimalizia kesho. Sisi huku wazima. Theluji imeshuka mwaka huu hadi chini ya chemchemi, na punda wa Mama Tawes ameteleza akavunjika mguu. Zeituni zilikuwa chache lakini mafuta yametoka mazito. Kaburi la mkeo nimelisafisha. Karakana ya baba bado ina kufuli lako. Masonara waliobaki humo ni panya. Anayeniandikia ni mwalimu Salem, naye ananiambia niseme polepole.

Sasa sikiliza. Mezian hajaniandikia tangu Maulidi. Mwambie mama yake hakuzaa bubu. Nataka kumwoza. Msichana ni Shabha, binti wa Hemu mwenye kinu cha mafuta. Amesoma kwa watawa, anaandika Kifaransa kama karani, na mikono yake haijui kukaa bure. Baba yake alikuwa karibu kumtoa kwa Kasi, yule mchuuzi wa nyumbu aliyekwisha zika wake wawili. Kijiji kizima kinajua walivyokufa, ila hakuna anayetaka kulisema. Nimeingia mimi kati, na Hemu amenisikiliza, kwa kuwa anapenda binti yake aingie katika ukoo wa masonara.

Kwa hiyo ninakuletea bizimu langu, lile kubwa ulilonitengenezea wewe na baba nilipomzaa Mezian. Amelichukua Akli, mwana wa jirani; akifika Paris atakutumia kwa posta. Marijani moja imedondoka, na nyuma, kulabu moja kati ya zile mbili imelegea. Ilehemu vizuri. Unajua mwenyewe, bila kulabu hizo bizimu halishiki ushungi, linabaki kuwa pambo la kifuani la mwanamke yeyote. Mimi nililivaa kwenye paji la uso siku ile, na wanawake wa chemchemini wakajua bila kuuliza kwamba nyumba hii imepata mwanamume. Nataka kulivaa papo hapo siku atakayooa. Tangu mume wangu afariki sijapata siku nyingine ya kuingojea.

Dada yako,
Smina

*

Mji wa migodi, kaskazini ya Ufaransa, 4 Mei 1952

Dada yangu mpenzi Smina,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe na Mama Tawes na mwalimu Salem anayekusomea. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyeshindwa kukaa chini. Sijambo, ila kifua kinanisumbua kwa vumbi la makaa. Hapa watu husema baridi imeisha, lakini mimi bado nalala na koti. Nimehamia chumba kingine, kidogo zaidi. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha.

Bizimu limefika salama. Nililiweka mezani nikalitazama muda mrefu. Rangi za kioo bado ziko imara, buluu ile ya baba haijapoteza hata chembe. Vijana wa siku hizi hawawezi kazi kama ile. Kuna jirani yangu Mpolandi ana karakana ndogo ya kutengeneza baiskeli, ana moto na tupa. Ataniruhusu kufanya kazi humo Jumapili.

Unauliza habari za Mezian. Mezian yuko mgodini, chini kabisa, kwenye njia ya ndani kuliko yangu, wala hatuonani siku hizi. Kuhusu mke, wewe unamjua tangu akinyonya: neno la mama ndilo neno lake. Hajawahi kukupinga.

Jitunze, dada. Usibebe kuni peke yako.

Belaid

*

At Yenni, 28 Mei 1952

Ndugu yangu Belaid,

Salamu nyingi. Tumeingia Ramadhani, siku ni ndefu na midomo imekauka, lakini nyumba ya kwetu ina raha. Mama Tawes amechinja yule punda kilema, yaani amemuuza, lakini amelia kana kwamba amemchinja. Mtini wa nyuma ya nyumba umeanza kutoa.

Barua yako ilinifanya nicheke na kulia kwa pamoja. Mwalimu Salem alinisomea mara mbili pale uliposema neno la mama ndilo neno lake. Nikamwambia asome mara ya tatu, kisha nikamchukua yeye na barua mpaka kwa sheikh. Sheikh amesikiliza, amefikiri, amesema mjomba ni mtu mzima na mwaminifu na yuko pamoja na kijana, basi maneno hayo yanatosha kuwa idhini. Mzee Wali, binamu ya marehemu mume wangu, atakuwa wakala wake. Hemu naye ameridhika. Tutafunga ndoa baada ya Idi.

Usikunje uso. Wangapi wameozwa hapa huku wakiwa Ufaransa? Nusu ya watoto wanaokimbia njiani baba zao waliozwa hivyo. Mezian atamkuta mke nyumbani akirudi, kitanda kimetandikwa. Nitumie picha yake tu, Shabha ameiomba kwa aibu, kapitia kwa Mama Tawes. Na bizimu, Belaid, na bizimu lifike kabla ya Idi. Nimekwisha watangazia wanawake nitakavyolivaa, na wewe unajua walivyo, nisipolivaa watasema nimeliuza.

Smina

*

Mji wa migodi, 30 Juni 1952

Dada yangu Smina,

Salamu, na heri ya Idi iliyopita. Natumaini ulipata nyama na ulipata mtu wa kula naye. Mimi nilisali na Wamoroko watatu katika chumba cha kufulia nguo, imamu alikuwa mpishi.

Nimeisoma barua yako wiki nyingi zilizopita na kila siku nimetaka kujibu. Nakuomba, dada, usifunge ndoa hiyo sasa. Kawia ufike. Ngoja hadi majira ya tini yapite, ngoja hata hadi zeituni. Maneno niliyoandika hayakuwa idhini, yalikuwa maneno ya mjomba anayemkumbuka mtoto. Sheikh asiyategemee. Mwambie Hemu kwamba mimi ndiye niliyesema asubiri, kama kuna aibu iwe yangu.

Picha sina. Bizimu bado ninalo; kazi haijakwisha.

Usiniulize sababu kwa sasa. Nitakuandikia.

Belaid

*

At Yenni, 17 Julai 1952

Kwa mjomba wa mwanangu,

Salamu kutoka kwangu na kutoka kwa mkaza mwanangu, ambaye ndiye anayeishika kalamu hii. Mwalimu Salem sasa nimempumzisha. Ukiona mwandiko mzuri ujue ni wa Shabha, na ukiona maneno makali ujue ni yangu.

Barua yako ya kawia ufike imefika siku mbili baada ya harusi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Belaid, na tumbo la Hemu si la kuchezea. Kasi alikuwa bado anamtembelea, wanakunywa kahawa. Ningengoja zeituni, binti angekuwa kwa Kasi anaosha nyumbu.

Wamemleta juu ya nyumbu mweupe, uso umefunikwa, na furungu miguuni zikilia kila hatua hata mbwa wakanyamaza kusikiliza. Hemu hakubana mkono: bangili pana, mkufu wa marijani, mabizimu mawili ya mabegani, fedha tupu ya hapa kwetu. Mimi mwenyewe niliufungua ushungi wake. Anacheka akifunika mdomo. Mzee Wali alijibu kwa niaba ya Mezian, sauti ikamkauka kana kwamba ni yeye bwana harusi, wanawake wakamcheka.

Mimi niliingia kati ya wanawake paji la uso likiwa tupu. Nimekukasirikia kwa hilo, na nasema wazi ili Shabha aandike. Mama wa bwana harusi bila bizimu ni kama nyumba bila mlango. Nilisema liko kwa sonara. Wakasema, sonara gani huyo.

Mambo mengine mazuri. Binti analala chumba changu kwa sasa, ananisomea barua za zamani za Mezian, zile chache. Anajua tayari kwamba hapendi vitunguu vibichi. Mwambie.

Smina

*

Mji wa migodi, 24 Agosti 1952

Dada yangu Smina,

Salamu kwako na kwa binti. Mungu aibariki mikono yake, mwandiko wake ni mzuri.

Nimempa Akli bizimu alipopita Paris kurudi nyumbani likizo, nilisafiri hadi huko kumkabidhi mwenyewe. Marijani nimeweka mpya. Nilifanya kazi nzima Jumapili moja. Lipokee vizuri, na unisamehe kama kuna kasoro; mikono imezoea sururu.

Sina habari zaidi. Kifua bado.

Belaid

*

At Yenni, 25 Septemba 1952

Belaid,

Tunakusalimu. Idi Kubwa ilipita vizuri, tulimpelekea Mama Tawes paja. Tini zinakauka juu ya paa na Shabha anafukuza nyigu kwa ufagio. Yeye ndiye anayeandika, kama kawaida.

Akli ameleta bizimu. Nilikuwa nimewaalika wanawake watano, unanijua, nilitaka walione likitoka kwenye kitambaa. Wakalisifu. Marijani uliyoweka ni nzuri kuliko ya kwanza. Kisha nikaligeuza ili nilivae mbele yao.

Kulabu moja ilikuwa imelegea. Nilikuomba uilehemu. Wewe umezisaga zote mbili kwa tupa, mpaka nyuma ni laini kama sarafu ya zamani. Nilipitisha kidole mara kadhaa nikidhani sioni vizuri.

Wewe na mimi tulikulia katika karakana moja. Mimi nilikuwa navukuta moto wakati wewe bado unacheza na majivu. Mwanamke mmoja tu nilimwona baba akimsagia kulabu, Dahbia wa kilimani, mwaka ule wa homa, alipomzika mwanawe wa pekee. Hakusema kitu alipokuja. Aliliweka bizimu mezani, na baba naye hakuuliza, alichukua tupa. Tangu siku ile Dahbia alilivaa kifuani hadi alipokufa.

Wale wanawake waliona uso wangu. Niliwaambia ndugu yangu amesahau kazi, makaa yamemharibu akili. Wakaondoka mapema wote pamoja, na Mama Tawes, ambaye huwa haondoki mpaka nimfukuze, akaondoka nao.

Shabha ameniuliza kuna nini, nami nimemwambia andika, usiulize. Sasa nauliza mimi. Mwanangu yuko wapi?

Smina

*

Mji wa migodi, 14 Oktoba 1952

Binti Shabha, unayesoma barua hii: acha hapa kwanza. Mkalishe mama chini. Mfungie mlango. Ukishamaliza hayo, endelea.

Dada yangu, Mezian amefariki.

Maji yaliingia kwenye njia ya chini ambako yeye na wenzake sita walikuwa wanachimba. Mimi nilikuwa zamu nyingine, juu. Tulivuta maji kwa pampu mchana na usiku, tukayaita majina yao kupitia mabomba na kugonga vyuma. Kisha wakubwa wakasema ukuta wa mwamba hauaminiki, wakajenga ukuta wa saruji wakaifunga njia. Yuko humo. Nilipokuandikia kwamba yuko mgodini, chini kabisa, nilisema alipo. Sikuandika neno la uongo hata moja, na nimekudanganya kwa kila neno.

Kwetu mtu akifa ugenini, watu wa kijiji chake hulibeba jeneza mpaka nyumbani. Huku mimi ni peke yangu wa kijiji chetu, na nilikuwa sina jeneza la kubeba. Nilisema ngoja watakapofungua njia, nitampeleka, na nitamwambia dada uso kwa uso. Hawakufungua. Kila wiki iliyopita ilifanya ile inayofuata kuwa nzito zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimeniumbua kifo cha mwanao.

Kuhusu bizimu. Nilikaa katika karakana ya Mpolandi nikaweka marijani, nikapasha moto chuma cha kulehemu. Nikaligeuza. Naapa nilitaka kuilehemu ile kulabu. Mkono ukachukua tupa. Nilipozinduka zote mbili zilikuwa vumbi la fedha mezani, na Mpolandi amesimama ananiangalia maana nilikuwa nalia kwa sauti. Ningeweza kutengeneza nyingine, ni kazi ndogo. Sikuweza. Nililifunga hivyo hivyo nikalipeleka, na labda nilitaka fedha ikuambie, maana mimi nilishindwa.

Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi ile. Nilaani ukitaka, lakini usinyamaze.

Belaid

*

Sokoni, 2 Novemba 1952

Belaid,

Salamu sina leo, utanisamehe. Nimeshuka sokoni peke yangu na anayeandika ni mwandishi wa barua anayekaa mkekani, mtu asiyenijua. Shabha nimemwambia nimekuja kununua chumvi.

Sijakulaani. Nilitaka, nikakosa nguvu. Nilikaa siku nyingi nimeangalia ukuta na binti akinilisha uji kwa kijiko kama mtoto. Alisoma barua yako mpaka mwisho, sauti yake haikukatika hata mara moja, kisha akaikunja, akanishika kichwa. Yeye ndiye aliyeniamsha, yeye ndiye aliyenifunga ushungi. Analia akiwa jikoni, akitoka amenawa.

Sasa kuna jambo. Habari imefika kwa Hemu, naye amekwenda kwa sheikh kuuliza kijana alikufa lini. Wewe hukusema lini. Kama alikufa kabla ya ndoa, hakukuwa na ndoa. Mtu hamwozi maiti. Hemu atamchukua binti yake na fedha yake yote na kumrudisha kwake, mwari kama alivyokuja. Kasi amekwisha anza tena kunywa kahawa pale. Kama alikufa baada ya ndoa, Shabha ni mjane wa mwanangu, atakaa eda kwangu, na baada ya eda ana kauli yake.

Usiniambie mimi siku yenyewe. Sitaki kuijua. Nadhani naijua. Ninachokuomba ni kuandika barua itakayosomwa mbele ya sheikh na Hemu, na ndani yake useme kwamba ni Agosti. Mwalimu Salem amehamishwa, hayupo tena. Sheikh anasoma Kiarabu tu, Hemu hasomi kitu, na barua zako ni za Kifaransa. Atakayesoma ni Shabha. Hajui kwamba nimekuomba hili, wala asijue, atasema ni dhambi.

Nitasema kweli yote kwa mtu nisiyemjua anayeandika hapa: sifanyi hivi kwa ajili ya Kasi tu. Mume nimezika. Mwanangu sina hata kaburi lake. Huyu binti ndiye kitu cha mwisho kilichoingia nyumbani kwangu kwa jina la Mezian. Wewe umenidanganya muda wote huu bila mimi kukuomba. Nidanganyie mara hii ninayoomba.

Smina

*

Mji wa migodi, 18 Novemba 1952

Kwa dada yangu Smina, na kwa sheikh, na kwa Hemu bin Said, na kwa yeyote atakayehudhuria,

Amani iwe juu yenu. Mimi Belaid, sonara, mwana wa sonara wa kijiji chenu, ninasema mbele ya Mungu yafuatayo.

Mpwa wangu Mezian alifariki mgodini tarehe kumi na tisa Februari mwaka huu. Maneno yangu ya mwezi wa Mei yalisomwa kama idhini yake. Hayakuwa yake. Alikuwa amekwisha kufa nilipoyaandika. Kwa hiyo binti Shabha hakuwahi kuwa mke wa mtu, si mjane, hadaiwi eda. Naomba avalishwe fedha yake yote, arudishwe kwa baba yake kwa heshima, na mtu asimtaje vibaya, maana kosa ni langu mimi.

Hemu, nakuomba kama ndugu, usimtoe kwa mtu asiyemtaka. Najua utasikia.

Dada, najua uliniomba niseme Agosti. Nimekaa na ombi lako tangu lilipofika. Nimeona uongo wangu ulikotufikisha: umemwoza msichana wa watu kwa njia iliyozibwa kwa saruji. Siwezi kumfunga humo kwa kalamu ileile. Acha aende awe hai.

Ndugu yako, ambaye kwa mara ya kwanza mwaka huu hajakuficha kitu,

Belaid

*

At Yenni, 10 Desemba 1952

Ndugu yangu mpenzi Belaid,

Nakusalimu salamu ambazo sijakupa tangu mwaka huu uanze. Shabha anaandika. Baridi imerudi, theluji bado iko juu milimani Jurjura lakini itashuka. Zeituni za mwaka huu nyingi, tumeangusha mimi na yeye na Mama Tawes, ambaye amerudi kukaa kwangu mpaka nimfukuze.

Barua yako ilifika siku ya Ijumaa, nao wakaja baada ya sala: sheikh, Hemu, Mzee Wali, na Kasi naye akasimama nje mlangoni na nyumbu aliyetandikwa, eti anapita tu. Mimi nikasema moyoni kwamba Belaid ni mkaidi, hatanisikiliza. Shabha akasimama katikati ya chumba. Akafungua bahasha, akaisoma kwanza kwa macho, yote, mpaka sheikh akakohoa. Kisha akasoma kwa sauti, akigeuza Kifaransa kuwa maneno yetu, polepole, kila mtu akasikia. Tarehe tatu Agosti.

Sikujua kama nilie au nicheke. Sheikh akasema Mungu amrehemu, ndoa ilikuwa sahihi, binti ni mjane na eda yake inakaribia kwisha, aimalizie hapa. Hemu akavaa joho lake la burnusi akatoka bila kuniaga. Tulisikia nyumbu akigeuzwa.

Siku ileile Shabha amevua fedha. Bangili, mkufu, mabizimu ya mabegani, na furungu, ambazo zilimkaza zikatoka kwa mafuta ya zeituni. Hakuna aliyemshurutisha. Amevikunja vyote kwenye kitambaa cha harusi, mimi nikafunga kasha. Ana umri wa miaka kumi na minane na anatembea nyumbani bila mlio wowote, wakati mwingine nashtuka kumkuta nyuma yangu. Bizimu langu nalivaa kifuani. Wanawake chemchemini hunipisha nichote kwanza.

Umenitendea wema, ndugu yangu. Najua imekugharimu kuandika Agosti, maana wewe si mtu wa uongo, ulikuwa mtu wa kuogopa tu. Nimekusamehe yote. Niliiomba barua ile niitunze pamoja na za Mezian, lakini Shabha anasema ilimdondoka motoni alipokuwa anapika. Si kitu. Nilisikia nilichotaka kusikia.

Njoo nyumbani ukiweza. Karakana ina panya lakini mvukuto bado ni mzima.

Dada yako akupendaye,
Smina

Mjomba, huyu ni mimi Shabha, naongeza hapa chini kwa kuwa mama yuko nje na mbuzi. Ulichoandika nilikisoma. Uliandika kweli, na ulinitakia mema, nakushukuru. Ila wewe uko mbali, hukumwona Kasi mlangoni, wala hukujua kwamba marehemu mke wake wa pili alikuwa dada yangu.

Mama anadhani umemsikiliza. Anakula sasa, na analala. Usimwambie. Ukiandika tena, tafadhali, iwe Agosti.